Ulimi Ndani ya Tundu: Je, Fundi Ana Deni kwa Yale Yasiyoonekana?

Wahenga walisema: nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani. Mlango huonwa na kila apitaye njiani. Mambo ya ndani huyajua wenyeji. Neno hilo linafaa kufikiriwa na kila mkatekumeni anayejifunza amri za Mungu, hasa amri ya saba. Maana watu wengi wakisikia kwamba wizi umekatazwa, hufikiri mara moja juu ya mtu avunjaye nyumba usiku, au yule achukuaye kuku wa jirani. Hujipiga kifua wakisema: “Mikono yangu ni safi.” Lakini kuna wizi mwingine usiovunja mlango wala kungojea giza. Hutendeka mchana, mbele ya macho ya mwenye mali, naye mwenye mali hushukuru, akalipa. Huo ni wizi wa kazi mbaya iliyofunikwa.

Basi ulizo la fundisho hili ni hili: Je, fundi ana deni kwa yale ambayo mnunuzi hatayaona kamwe? Ili kulijibu vema, inafaa kutazama kazi moja ijulikanayo karibu kila mahali: kutengeneza meza ya kulia chakula pamoja na viti vyake, kwa ajili ya mtu aliyeagiza. Meza ya sokoni mtu huikuta imekwisha tengenezwa. Huitazama, huitikisa, huichukua au huiacha. Lakini meza ya kuagiza haijawa bado. Mwenye kuagiza hutoa fedha yake kwa ajili ya kitu ambacho kingali neno tu kinywani mwa fundi. Kwa hiyo hununua kwanza uaminifu, kisha mbao.

I. KIPIMO CHA KWANZA NI MTU

Na utolewe mfano. Baba mmoja wa milima ya Kivu, mkatekumeni wa mwaka wa mwisho, alikuwa akitazamia kubatizwa usiku wa Pasaka pamoja na jamaa yake. Mwezi wa kwanza alimwendea seremala wa karibu na misioni, mkristu wa siku nyingi, akamwambia: “Fundi, nataka meza ya kulia na viti vinne. Siku ya Pasaka tule nyumbani kama watu wa nyumba moja.”

Fundi hakushika msumeno. Aliuliza kwanza: “Baba, nyumbani mwako hula watu wangapi?” Yule baba akahesabu kwa vidole: yeye mwenyewe, mke wake, mama yake mzee, na watoto wanne, jumla watu saba. Fundi akanyamaza kidogo, kisha akasema: “Viti ni vinne, na watu ni saba. Meza niikate kwa kipimo cha nani?”

Fundi hakuuliza hivyo kwa kutaka kumfundisha adabu mwenzake. Aliuliza kwa sababu ufundi wenyewe huuliza. Mlaji mmoja huhitaji nafasi ya sm 60 ukingoni mwa meza, ili kiwiko chake kisimsumbue jirani. Uso wa meza huwekwa juu ya sakafu kwa sm 75 hivi, na kikalio cha kiti kwa sm 45, ili kati yake ibaki nafasi ya sm 30 kwa mapaja. Meza yenye urefu wa sm 180 na upana wa sm 90 hukalisha watu watatu kila upande na mmoja kila kichwa, yaani wanane. Tena chumba kikiwa na upana wa mita 3, meza ya upana wa sm 90 ikiwekwa katikati huacha mita 1 na sm 5 kila upande. Hapo kiti huweza kuvutwa nyuma, na mama mwenye sufuria ya moto akapita bila kumwunguza mtu. Kwa hiyo, kabla ya kuchora lolote, seremala mwenye akili hupima chumba. Huangalia kama bibi mzee aweza kuinuka katika kiti kifupi. Huuliza umri wa watoto, maana watakua, na meza haitakua.

Desturi ya wazee, ya wanaume kula barazani na akina mama kula jikoni pamoja na watoto, ilikuwa na heshima yake, wala haifai kuchekwa. Lakini mtu aletaye meza moja nyumbani huleta pia ulizo ambalo mkeka haukuliuliza: nani ana kiti, na nani atasimama siku zote akiwatumikia waliokaa? Yule baba alirudi kwake, akafikiri siku mbili. Siku ya tatu alikuja akasema: “Watu saba, na nafasi ya nane ni ya mgeni.” Fedha yake haikutosha kwa viti vinane; basi wakapatana viti vitano, na benchi moja la watoto lenye nafasi tatu.

Hapa mkatekumeni na aone jambo la kwanza. Haki haianzi katika mizani wala katika fedha. Huanza pale mtu anapomwona mwenzake jinsi alivyo, na kumhesabu. Fundi asiyeuliza ni nani atakayekaa, amekwisha kosea kabla ya kukata ubao wa kwanza, hata kama ubao wake ni mzuri.

II. MTI UNA SHERIA YAKE

Jambo la pili ni mbao. Mwenyezi Mungu aliumba kila kitu na tabia yake, na fundi hawezi kuugeuza mti kwa kuukemea. Mti uliokatwa sasa hivi umejaa maji. Katika miti mingi uzito wa maji hupita nusu ya uzito wa mti mkavu. Maji hayo hutoka kwa hatua mbili. Kwanza hutoka yale yaliyomo katika mishipa ya mti, na wakati huo ubao haubadili kipimo chake. Kisha, maji yanapobaki kama 30 kwa 100 ya uzito wa mti mkavu, huanza kutoka yale yaliyomo katika kuta za nyuzi zenyewe. Hapo ndipo ubao huanza kusinyaa.

Tena hausinyai sawasawa. Kwa urefu wake ubao hupungua kidogo mno, hata jicho lisione. Kwa upana hupungua sana. Na kwa kuzunguka miviringo ya shina hupungua karibu mara mbili kuliko kwa kuelekea moyo wa mti. Ndiyo maana mbao mbichi hujikunja, hujipinda, hupasuka. Meza yenye upana wa sm 90, ikitengenezwa kwa mbao mbichi zinazosinyaa 4 tu kwa 100, itapoteza sm 3 na nusu na zaidi kidogo. Ikiwa uso wake umekazwa kwa gundi na misumari juu ya fremu isiyosinyaa pamoja nao, hauna njia ila kupasuka.

Kwa hiyo mafundi wema huzipanga mbao kivulini, huweka vijiti kati ya ubao na ubao ili upepo upite, hupaka rangi miisho yake ili isikauke upesi na kupasuka. Kisha hungoja. Mafundi wa Ulaya husema kwamba ubao wenye unene wa sm 2 na nusu wataka mwaka mzima hewani; katika nchi za joto muda huweza kupungua, lakini mvua haina huruma kwa mwenye haraka. Njia ya kujua ni rahisi: kupima kipande kimoja kwa mizani kila juma. Kinapoacha kupungua uzito, mbao zimepatana na hewa ya mahali pale. Mizani haidanganyi, wala haijui kwamba mtu ameahidi.

Na hata mbao zikikauka vema, fundi mwenye akili haufungi uso wa meza kama mfungwa. Huushika kwa vifungo vya mbao viingiavyo katika mifereji ya fremu, ili uweze kupanuka wakati wa mvua na kupungua wakati wa jua. Miguu na fremu huungwa kwa ulimi na tundu: mwisho wa ubao mmoja huchongwa uwe ulimi, na ubao wa pili huchimbwa tundu kwa patasi, ulimi ukaingia humo kwa kukaza. Unene wa ulimi huwa kama theluthi moja ya unene wa ubao; ubao ukiwa na sm 3, ulimi huwa sm 1. Katika kiti, kiungo kinachoteswa kuliko vyote ni kile cha ubao wa ubavuni na mguu wa nyuma. Maana watu wakishiba huegemea, na uzito wao wote huvuta mahali pale pamoja. Kiungo hicho kikiwa cha msumari mtupu, leo kinashika, kesho kinalegea.

Lakini kazi hiyo yote haionekani. Ulimi ukiisha kuingia tunduni, hakuna mtu atakayejua kama ulichongwa kwa uangalifu au kama ni kijiti kifupi kilichojazwa gundi. Vanishi hung’aa sawasawa juu ya vyote viwili.

III. JARIBU LA FUNDI

Na mfano uendelee. Mbao kavu za libuyu zilikuwa za bei kubwa; yule baba alichagua mkaratusi. Mti huo, uliotoka Australia, siku hizi umefunika vilima vingi vya Kivu. Wafaa kwa mengi, lakini hupenda kujikunja na kupasuka unapokauka kuliko miti mingi ya msituni. Fundi aliahidi kwamba kazi itakuwa tayari kwa Pasaka. Akapokea nusu ya bei. Kwa fedha hiyo akanunua mbao kwa wapasuaji, na iliyobaki akalipa karo ya watoto wake. Akapanga mbao vizuri kivulini. Lakini mwaka ule mvua haikutoa nafasi. Majuma matatu kabla ya sikukuu, kipande chake cha mizani kilikuwa kingali kinapungua.

Jioni moja fundi alimwambia kijana anayejifunza kwake, naye ni mkatekumeni: “Mwanangu, kesho tuanze. Tutakaza kwa misumari, tutaziba nyufa kwa unga wa mbao na gundi, tutapaka vanishi nzito. Pasaka itapita vizuri. Zitapasuka mwezi wa saba, wakati wa jua, na kila mtu atasema ni jua.”

Kijana akainama, akasema kwa adabu: “Ndiyo, fundi. Na sisi tutasema nini?”

Fundi hakumjibu. Usiku ule hakulala upesi. Maana jaribu hili halikuwa dogo, wala halikuwa la mtu mwovu. Wahenga walisema: ahadi ni deni. Naye alikuwa ameahidi mara mbili katika ahadi moja: meza iwe tayari kwa Pasaka, na iwe meza ya kweli. Akishika siku, atavunja meza; akishika meza, atavunja siku. Je, mtu afanyeje ikiwa ahadi zake mbili zinapigana?

Wengi hujibu: “Achague lililo dogo.” Jibu hilo si baya, lakini limesahau jambo moja. Meza si ya fundi. Wala siku ya Pasaka nyumbani mwa yule baba si ya fundi. Basi kwa nini fundi achague peke yake, gizani, kisha ampe mwenzake matokeo yaliyopakwa vanishi? Asiyeweza kutimiza ahadi zote mbili hana budi kumwendea mwenye mali mapema, wakati huyo bado ana nafasi ya kuchagua. Udanganyifu huiba fedha. Lakini kabla ya fedha huiba uchaguzi. Humfanya mwenzako kuwa mtoto katika nyumba yake mwenyewe.

Asubuhi fundi alikwenda. Yule baba alikasirika sana. “Nimekwisha alika watu! Rudisha fedha yangu.” Fundi hakuwa na fedha ya kurudisha. Wakakaa mbele ya wazee wawili, wakasemezana hata mchana. Mwishowe wakapatana hivi: fundi atatoa mbao kavu za libuyu alizokuwa ameziweka kwa ajili ya nyumba yake mwenyewe, atengeneze kwanza viti vitano na benchi, maana viti hubeba watu na havivumilii uongo, siku ya Pasaka ataazima mbao ndefu na kuziweka juu ya vitegemeo, zifunikwe kitambaa, na meza yenyewe ataitengeneza kiangazi kikiisha, kwa bei iliyopunguzwa kwa sababu ya kuchelewa.

Ikafanyika hivyo. Jamaa ile ilibatizwa, ikala juu ya mbao za kuazima. Fundi alipata hasara; libuyu yake ilikwenda kwa bei ya mkaratusi. Tena kwa miezi kadhaa ilisemwa kijijini kwamba hashiki siku zake, na mtu mmoja aliyetaka kumwagiza kabati akaenda kwa mwingine. Mkatekumeni asidhani kwamba ukweli hulipa daima hapa duniani, wala kwamba Mungu ni kama mwenye duka, apewaye ukweli akarudisha faida. Mwema hutenda wema kwa sababu ni wema. Akingoja malipo, siku malipo yatakapokosa kuja atauacha.

IV. LISILOONEKANA NI LA NANI?

Sasa ulizo lenyewe. Mtu aweza kusema: “Mnunuzi aliona meza, akaridhika, akalipa. Mtu aliyeridhika hakudhulumiwa.” Jibu: aliridhika na kile alichoonyeshwa. Alilipa kwa ajili ya ulimi ndani ya tundu, akapewa msumari; kuridhika kwake kulikuwa juu ya kitu kingine. Mtakatifu Tomaso wa Akwino, mwalimu mkubwa wa Kanisa aliyefariki mwaka 1274, alifundisha kwamba muuzaji ana wajibu wa kumweleza mnunuzi kasoro iliyofichika, ikiwa itamletea hasara au hatari. Kasoro iliyo wazi mbele ya macho, mnunuzi aweza kujihukumia mwenyewe. Basi kadiri jambo linavyofichika, ndivyo deni la kusema linavyozidi. Watu wengi hufikiri kinyume: hudhani kwamba giza hupunguza wajibu.

Mwingine atasema: “Mafundi wote hufanya hivyo.” Jibu: wingi wa watu hauukaushi ubao mbichi. Kiti kikivunjika chini ya bibi mzee, hakitamwuliza kama ndiyo desturi ya mji.

Wa tatu atasema neno zito zaidi: “Mimi ni maskini. Nikingoja mbao zikauke, watoto wangu watalala njaa.” Neno hili lisijibiwe kwa ukali. Mungu anajua umaskini wa watu, na shida huweza kupunguza uzito wa kosa. Lakini si dhambi kutengeneza kitu cha bei ndogo. Fundi aweza kusema wazi: “Baba, hizi ni mbao mbichi, viungo ni vya misumari, zitapasuka, na bei yake ni ndogo kwa sababu hiyo.” Mnunuzi akikubali, hakuna aliyedanganywa, na wote wawili wamekula halali yao. Kiti kibovu si dhambi; dhambi ni kiti kibovu kilichovikwa jina la kiti chema. Ajabu ya lugha ya useremala ni kwamba ulimi wa mbao na ulimi wa kinywa huitwa kwa jina moja. Ulimi wa mbao ukikosekana tunduni, ulimi wa kinywa na useme.

Na yule kijana je? Amefundishwa kumtii mkubwa wake. Kumtii fundi ni wema. Hufagia, hubeba, huamka mapema, hukubali kurudia kazi mara tatu. Lakini utii huisha pale dhambi inapoanza, maana hakuna mkubwa aliyepewa na Mungu uwezo wa kuamuru udanganyifu. Kijana anayeagizwa kuficha nyufa na aulize kwa heshima, kama yule wa mfano alivyouliza. Akilazimishwa, na akatae, hata kama itamgharimu mahali pake.

Katekisimu ya Kanisa Katoliki iliyotolewa mwaka 1992, katika namba 2409, inapotaja makosa dhidi ya amri ya saba, yataja pia kazi iliyofanywa vibaya. Haikuiweka mbali na wizi. Iliiweka ndani yake. Tena amri hiyo hutaka malipizi: aliyemdhulumu mwenzake hana budi kurudisha. Fundi aliyeuza meza iliyopasuka kwa udanganyifu, akiungama bila nia ya kuitengeneza au kurudisha fedha, toba yake haijawa kamili.

Hata kwa Mungu lisiloonekana lina kipimo. Katika kitabu cha Kutoka imeandikwa jinsi Mungu alivyomwagiza Musa kutengeneza meza ya mikate mitakatifu: urefu dhiraa mbili, upana dhiraa moja, kimo dhiraa moja na nusu, kwa vipimo vya leo ni kama sm 90, sm 45, na sm 67. Ilipaswa kufunikwa yote kwa dhahabu safi. Hata hivyo Mungu aliutaja mti wenyewe: mti wa mshita. Nani angeuona mti chini ya dhahabu? Hakuna. Lakini dhahabu isiyo na mti mwema ndani yake ingekuwa ganda tu. Na mfanyakazi aliyechaguliwa kwa kazi ile, Bezaleli, Maandiko yasema kwamba Mungu alimjaza Roho yake ili ajue ufundi wa dhahabu, wa mawe na wa miti. Roho ya Mungu haikudharau patasi.

V. DENI LA MWENYE KUAGIZA

Lakini haifai kumtupia fundi mzigo wote. Mnunuzi naye ana deni. Kuna watu wanaopunguza bei hata fundi abaki na fedha ya misumari tu, kisha hushangaa kuona misumari. Wengine hupokea meza, wakala juu yake mwaka mzima, na nusu ya pili ya bei haijalipwa bado. Mtume Yakobo aliwaonya matajiri kwamba mshahara waliouzuia hulia, na kilio cha wafanyakazi kimefika masikioni mwa Bwana. Baba Mtakatifu Leo XIII, katika barua yake Rerum Novarum ya tarehe 15 Mei 1891, alifundisha kwamba mapatano peke yake hayatoshi kufanya mshahara uwe wa haki. Juu ya mapatano ya watu kuna haki ya asili, kwamba mshahara umtoshe mfanyakazi mwenye kiasi kwa kuishi. Maana mwenye njaa hukubali bei yoyote, na kukubali kwake si uhuru.

Kuna pia deni kwa msitu. Mti mkubwa wa mbao huhitaji miaka mingi mno kukua. Kuukata kwa ajili ya meza itakayotupwa baada ya miaka miwili ni kumdharau aliyeuumba na watoto watakaohitaji mbao kesho. Hayati Baba Mtakatifu Fransisko aliwakumbusha Wakristu katika barua yake Laudato si’ ya mwaka 2015 kwamba dunia ni nyumba ya watu wote. Kazi inayodumu ni namna moja ya kuitunza nyumba hiyo.

VI. WALIOTANGULIA

Evanjili ya Mateo yasema kwamba watu wa Nazareti walimwita Yezu mwana wa seremala, na ile ya Marko kwamba walimwita yeye mwenyewe seremala. Hakuna Evanjili inayotaja neno hata moja lililotoka kinywani mwa Yozefu, wala kitu kimoja alichokitengeneza. Na Yezu alipoanza kuhubiri alikuwa na umri wa miaka kama 30; karibu maisha yake yote yalipita katika kazi isiyoandikwa popote. Mwokozi wa dunia alikaa miaka mingi kama ulimi ndani ya tundu, haonekani, akiishika nyumba. Kwa sababu hiyo Kanisa humheshimu Yozefu kama mlinzi wa wafanyakazi. Baba Mtakatifu Pio XII aliweka mwaka 1955 sikukuu yake ya tarehe 1 Mei.

Wala mtu asiseme kwamba mambo haya yaliwezekana Nazareti tu. Goma, mjini kwa Kivu, alizaliwa mwaka 1981 kijana Floribert Bwana Chui. Alifanya kazi katika ofisi ya serikali inayokagua bidhaa mpakani. Alipewa rushwa ili apitishe vyakula vilivyoharibika. Akakataa, kwa sababu watu wangevila bila kujua. Akauawa Julai 2007, naye alikuwa na umri wa miaka 26. Tarehe 15 Juni 2025 Kanisa lilimtangaza Mwenye Heri huko Roma. Wale walaji aliowalinda hawakumjua, wala yeye hakuwajua wao. Alikuwa na deni kwa watu ambao wasingeona kamwe alichowatendea, akalilipa.

Mkatekumeni anayejitayarisha kwa ubatizo na aikumbuke meza anapofikiri juu ya nafsi yake. Maji ya ubatizo si vanishi. Jina jipya na nguo nyeupe watu huziona. Lakini Mungu hutazama viungo. Na kila mmoja, mkulima, mwalimu, mama auzaye unga sokoni, ana tundu lake ambalo yeye peke yake ajua kilichomo. Hapo ndipo amri ya saba huanza.

MAULIZO YA KUKUMBUKA

Ulizo: Wizi ni kuchukua tu mali ya mtu?
Jibu: Hapana. Ni pia kupokea bei ya kazi njema na kutoa kazi mbaya kwa kuficha.

Ulizo: Je, fundi ana deni kwa yale yasiyoonekana?
Jibu: Ndiyo; na kwa hayo zaidi, kwa sababu mnunuzi hawezi kujilinda.

Ulizo: Asiyeweza kutimiza ahadi yake afanyeje?
Jibu: Amwendee mapema aliyemwahidi, amwambie kweli, amwachie kuchagua.

Ulizo: Je, ni dhambi kutengeneza na kuuza kitu cha bei ndogo?
Jibu: Hapana, ikiwa muuzaji asema wazi jinsi kilivyo.

Ulizo: Mwenye kuagiza ana deni gani?
Jibu: Kutoa bei ya haki, na kuilipa kwa wakati wake.